Mama Wakwe Walipopanda Mlima

Mto wetu hauna jina. Sisi tunauita aora tu, yaani mto, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Unatoka chini ya mwamba karibu na kilele, unashuka katikati ya kijiji cha juu, unapita kwenye bonde lenye mawe, kisha unafika kijiji cha chini na kwenda zake hadi uingie mto mkubwa wa Kuja. Mimi nilizaliwa chini na nimeolewa juu. Wanaume wa juu wamekuwa wakioa chini tangu zamani, kwa sababu wao wote ni ukoo mmoja na hawawezi kuoana wenyewe kwa wenyewe, na pia kwa sababu wasichana wa chini ni wazuri. Nalisema hili bila aibu. Mpaka leo watu wa mume wangu huniita nyar mwalo, binti wa kule chini, nami naitika.

Nyuma ya boma la mama yangu kuna jiwe pana lililolala nusu nchi kavu, nusu majini. Hapo mama amefua nguo tangu alipoletwa kuwa bibi harusi. Baba amezikwa ndani ya boma hilohilo, karibu na ua, na mama husema kwamba akiwa jiweni anaweza kumsemesha baba bila kupaza sauti. Humwambia habari za mahindi, habari za wajukuu, na ni nani amelewa kwenye matanga ya nani. Sisi watoto tulizoea. Ukimkuta anacheka peke yake jiweni, unajua baba amepashwa habari.

Kiangazi kile mto ulipokatika, basi, halikukatika jambo dogo.

Chanzo chake kilikuwa miti. Wanaume wa juu walipanda mikaratusi kando ya mto, pande zote mbili, kuanzia penye mwamba hadi mwisho wa mashamba yao. Ni mti mwepesi kupendwa: haukuombi palizi, ng'ombe hawauli, na baada ya miaka michache una nguzo zilizonyooka. Mume wangu alikuwa na shamba kubwa zaidi la miti hiyo, tena palepale kwenye chemchemi. Alikuwa akiipitia jioni akiipapasa mashina, na mimi, nikiwa mlangoni na cherehani yangu, nilikuwa nikimcheka kwamba angekuwa ananipapasa mimi hivyo ningekwisha kumzalia kijiji kizima.

Mikaratusi inakunywa. Mwanzoni mto ulipungua kiangazi tu, ukarudi na mvua. Kisha ukawa unafika kwa mama ukiwa uzi. Mwishowe, Januari moja, haukufika kabisa. Jiwe la mama likabaki limekaa juu ya mchanga mkavu, na mbuzi wakawa wanalala juu yake.

Kaka yangu, anayefanya kazi Rongo, alikuja akatazama, akatikisa kichwa. Akasema mama hawezi kuendelea kuishi mahali pasipo na maji, kwamba yeye ana nyumba yenye mfereji ndani, na mvua ndefu zikipita, wakivuna, atakuja na gari kumchukua. Kaka si mtu mbaya. Alisema kwa upendo, na ndiyo maana mama alishindwa kumgombeza. Mama alijibu tu, "Na baba yako nimwache na nani?" Kaka akatazama viatu vyake.

Msomaji atauliza kwa nini mama asingekuja kuishi kwangu, juu, kwenye maji. Hapo ndipo penye mambo. Kwetu, mama mkwe, ambaye tunamwita maro, na mkwewe wa kiume hawakaribiani. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawataniani. Mama hawezi kulala katika boma la mkwewe. Wakikutana njiani, mkwe hutoka njiani akaingia kichakani, akageuza uso mpaka mama mkwe apite. Mijini mambo yamelegea, nimewaona Migori wakipigana mabusu ya shavuni wakitoka kanisani, lakini mlimani kwetu heshima hiyo iko vilevile. Na si mama aliyenizaa peke yake. Mwanamume akioa msichana wa kule chini, basi mama wadogo wa msichana huyo, wake wa baba zake wadogo na majirani wa ukoo wa rika hilo, wote ni maro wake. Karibu kila mwanamume wa kijiji cha juu ana mama wakwe wa kujaza kanisa.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: mto ukirudi, mama anabaki kwake. Usiporudi, mama anakwenda kuzeekea Rongo kwenye nyumba yenye mfereji, na baba anabaki bila wa kumpasha habari. Mimi niliapa moyoni kwamba mama hahami. Nina hasira za karibu, watu wa juu watakuambia, na safari ile zilipata kazi ya kufanya.

Nilianza kwa njia ya adabu. Chifu aliitisha baraza, nikasimama nikasema miti ya kando ya mto ikatwe. Wanaume walinisikiliza vizuri sana, wakakubali kwa vichwa, kisha mmoja baada ya mwingine wakasema tatizo ni mvua. Mvua imepungua. Mvua imebadilika. Mvua siku hizi haina adabu. Mmoja alisema hata huko Masara alikokuwa akichimba dhahabu mvua imepungua, na huko hakuna mikaratusi, kana kwamba amefunga kesi. Mume wangu alikaa nyuma akichora chini kwa kijiti. Chifu akafunga kwa maombi.

Usiku ule sikumsemesha mume wangu. Asubuhi nilimsemesha, na ingekuwa heri kwake ningeendelea kunyamaza.

"Mama yangu anakunywa mchanga," nilimwambia.

"Nyar mwalo, miti bado kidogo tu ikomae. Ngoja kidogo."

"Mama yangu akomae Rongo, ndiyo unachosema?"

Alichukua kofia yake akaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote.

Wakati huo mama hakuwa na njia nyingine ila kupanda. Maji yaliyobaki yalikuwa kwenye bwawa moja dogo la kijiji cha juu, chini kidogo ya chemchemi, na hilo ndilo bwawa ambalo wanaume wa kule huogea alfajiri wakishakamua. Wanawake tunalijua, tunalikwepa saa hizo. Mama naye alilijua. Lakini alitoka kwake mapema ili jua lisimkute mlimani na mtungi kichwani, akapanda haraka kuliko alivyojidhania. Akakohoa alipokaribia, ndivyo inavyotakiwa, ili aliyeko ajue.

Aliyeko alikuwa mume wangu, naye alikuwa na povu la sabuni hadi masikioni.

Hii sehemu nimesimuliwa na yeye mwenyewe, baadaye sana, siku aliyokuwa tayari kucheka. Alisikia kikohozi, akamtambua mwenye kikohozi. Zamani, alisema, angepiga hatua moja tu akapotelea kwenye kichaka. Lakini chini ya mikaratusi hakuoti kitu. Vichaka vyote vilikuwa vimekufa, pamebaki majani makavu yanayolia ukiyakanyaga. Akakimbilia nyuma ya mti. Mkaratusi ni mwembamba na umenyooka, na mume wangu, nashukuru Mungu, analishwa vizuri. Akaona anatokeza pande zote mbili. Akarudi bwawani apige mbizi. Bwawa lililokuwa likimzamisha utotoni sasa lilimfika magoti. Akalala chali humo, akaona tumbo linabaki nje kama kisiwa. Na kikohozi kikaja tena, karibu.

Mama alipofika, alijifunika uso kwa leso, akageuka, akauacha mtungi wake palepale na kushuka mlima mikono mitupu. Mume wangu alirudi nyumbani mbio, shati limegeuzwa, sabuni imekauka masikioni, akajifungia ndani. Nilidhani amekutana na nyoka.

Mambo ya namna hiyo kwetu hayachekwi hadharani. Wazee wa pande zote mbili walikutana, maneno ya kuondoa aibu yakasemwa, na mama akaulizwa rasmi aliona nini. Mama akajibu kwa utulivu mkubwa, "Niliona miti." Wakamuuliza tena, "Na kitu kingine?" Akasema, "Sikuona kitu. Miti tu." Heshima ya mume wangu ikawa imeokolewa na mtu ambaye yeye alikuwa amemnyima maji. Hilo lilimwingia. Nilimwona usoni lilivyomwingia.

Nilipokwenda kumwona mama nikidhani nitamkuta analia, nilimkuta ameketi na mama zangu wadogo na jirani zake, wameshikilia mbavu kwa kicheko. Machozi yalikuwepo, lakini si yale niliyoyahofia.

"Nyara," mama aliniambia, yaani binti yangu, akijipangusa, "sisi ni watu wa heshima. Hatuwezi kumkuta tena mkwe wa mtu vile."

"Kwa hiyo hamtapanda tena?"

"Tutapanda. Ila tutapanda wote pamoja, na tutaimba, ili wajue tunakuja." Kisha akaongeza, huku wenzake wakianza tena kucheka, "Na hatutakimbia. Wazee hatukimbii mlima."

Ndivyo ilivyoanza. Kulipopambazuka, mama wakwe wa kijiji kizima walijipanga mstari kwenye njia ya mto, kata kichwani, mtungi juu ya kata, wakapanda wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti zilizofika hadi kileleni. Hawakumtukana mtu. Hawakubeba bango. Walikuwa wanakwenda kuchota maji, na nani angeweza kuwakataza maji?

Sasa fikiria kijiji cha juu kina njia moja tu ya maana, na njia hiyo inafuatana na mto. Wanaume waliokuwa wametoka kukamua walirudi zizini. Waliokuwa wakienda kuoga hawakuoga. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akishuka na abiria alisikia nyimbo, akageuza pikipiki kwa hofu mpaka abiria akaanguka kwenye majani, bila kuumia. Vichaka vya kuingia havikuwepo, maana pale palipokuwa na vichaka sasa palikuwa na mikaratusi. Basi walibaki majumbani, wamefunga milango, wakichungulia kwenye nyufa. Na mama wakwe wakishachota walipumzika. Walikaa njiani, wakanyoosha miguu, wakaulizana habari za viungo vyao. Bwawa lilikuwa dogo, mtungi ulichukua muda kujaa, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka. Jua lilipanda. Ng'ombe wa kijiji cha juu walilia kwa kiu, kwa sababu wa kuwapeleka mtoni alikuwa chini ya kitanda.

Kesho yake wakaja tena. Na kesho yake.

Mimi nilikuwa nimetoa cherehani yangu nje, kwenye ua, nishone huku nikiona. Sijawahi kushona vizuri hivyo. Mama zangu walipopita nilisimama nikawasalimu kwa heshima zote, nikawapa maji ya kunywa, na ndani ya nyumba nilisikia mume wangu akigonga kichwa ukutani polepole.

Wanaume walikutana alasiri, wakati mama wakwe wameshuka. Nilipeleka uji, kwa hiyo nilisikia. Walitaka mtu awaambie wale akina mama wasiimbe, au waje mchana, au wapite njia nyingine. Lakini nani? Huwezi kumwendea maro wako ukamwambia usipite. Mmoja akasema atumwe chifu. Chifu alikuwepo, akainua mikono yote miwili.

"Yawa, jamani, mniache! Hata mimi nimeoa pale chini. Jana nimeingia ofisini kwa dirisha."

Kisha mume wangu, ambaye hakusema neno kwenye baraza, akasimama. Nilishika sufuria ya uji nisiiangushe.

"Maro wangu alinisitiri mbele ya wazee," alisema. "Angeweza kusema, hakusema. Mimi nimekaa na miti yangu nikimtazama akihamishwa kwake. Kesho naleta pawa. Miti ya kwenye chemchemi inaanguka, yangu kwanza. Mwenye kutaka aendelee kujificha chini ya kitanda, ni shauri yake."

Nilimpenda mtu yule siku ile kuliko siku ya harusi. Nilimmiminia uji hadi ukamwagika.

Pawa, ule msumeno wa injini, ulilia mlimani siku nyingi. Mikaratusi ilianguka mmoja mmoja, na kila mmoja ulipoanguka kipande cha mbingu kilifunguka juu ya mto. Waliokuwa wakishikilia habari ya mvua walikuja kutazama, wakatazama, kisha wakaenda kuchukua mapanga. Lakini kukata peke yake hakutoshi. Mkaratusi uliokatwa huchipua, tena kwa hasira. Tulichuna magamba ya visiki, tukawasha moto juu yake, tukarudi kila wiki kuvunja machipukizi. Wanawake wa juu na wa chini tulipanda mikuyu na matete kwenye kingo. Wanaume wa juu walichimba mashimo alasiri, mama zangu wakapanda miche humo asubuhi, na hawakuonana hata mara moja. Sijui kazi nyingine duniani iliyofanywa na watu waliokubaliana hivyo bila kutazamana.

Mvua ndefu zikaja, mto ukajaa, na kaka akapiga simu kusema kujaa huko si kitu, hata mtaro wa barabarani hujaa. Alisema kweli, na nilikata simu kwa ukali kwa sababu alisema kweli. Mavuno yakaisha. Mama akamwomba mwanawe angoje kiangazi. "Januari ikinikausha, nitapanda gari lako bila neno," alimwambia. Nilimsikia akisema hivyo, nikashindwa kula.

Krismasi ikapita. Januari ikaingia na jua lake lile la kupasua midomo. Kila asubuhi, kabla sijagusa cherehani, nilikwenda bwawani. Lilishuka kidogo. Likashuka kidogo tena. Kisha likasimama. Majani ya ukingoni yakaanza kupata rangi ya kijani, miche ya mikuyu ikaniangalia ikiwa hai, na maji yakaendelea kumwagika juu ya mdomo wa bwawa, membamba lakini hayakatiki. Februari ilipofika sikuweza kuvumilia. Niliyafuata. Nilitembea kando ya maji tangu kijiji cha juu, bonde la mawe, mpaka pale yalipokuwa yakipotelea mchangani mwaka uliotangulia. Hayakupotea. Yalizunguka jabali, yakapita chini ya mti wa miiba, yakaendelea, nami nikayafuata nikikimbia sasa, mwanamke mzima na viatu mkononi.

Nilipofika kwa mama, gari la kaka lilikuwa limeegeshwa nje ya boma. Nikazunguka nyuma.

Mama alikuwa jiweni, maji yamemfika vifundoni, anafua. Na hakuwa anafua nguo mbili tatu. Alikuwa amefua kila kitu alicho nacho. Blanketi zote, mashuka yote, mapazia, nguo za kanisani, hata begi ambalo kaka alileta la kufungashia, vyote vilikuwa vimelowa na kuanikwa juu ya ua kuanzia langoni hadi kaburini kwa baba. Kaka alikuwa amesimama katikati, suruali yake ya ofisini imekunjwa hadi magotini, anamshikia mama ncha ya blanketi wakilikamua.

"Mama, sasa nitabeba nini?" alimuuliza.

"Sina nguo kavu hata moja, mwanangu," mama akajibu. "Labda mwaka ujao."

Kaka alicheka mpaka akakaa majini. Mama akageuka kuelekea kaburini akaanza kueleza habari zote tangu mwanzo. Mimi nililia kwa sauti, kilio cha kushinda, nikaingia majini na nguo zangu.

Mwisho wa mwezi ule mama alipanda mlima. Hakubeba mtungi, hana haja nao tena. Alitaka tu kuona chemchemi, akaniomba nimsindikize. Tulikuwa tumekaribia bwawa aliponyanyua kichwa, akakohoa. Mbele yetu mtu aliyekuwa akipalilia mikuyu alitupa jembe, akapiga hatua moja, akapotea. Matete yalikuwa yamepanda juu ya kichwa cha mtu, na mimea mingine ya porini ilikuwa imerudi yenyewe bila kualikwa. Sikuona hata kidole.

Mama alisimama. Alikitazama kichaka kile, kikubwa, kibichi, kilichofumba kabisa, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akanisemesha mimi, kwa sauti ya kusikika vizuri upande wa pili.

"Nyara, yule aliye humo ndani mfikishie ujumbe wangu. Mwambie siku ile nilisema sikuona kitu." Akajitengeneza leso kichwani. "Mwambie leo ni kweli."

Kichaka kizima kikatikisika kwa kicheko. "Ero kamano, maro," kikasema. Asante, mama mkwe.